Kibali Hufuata Kiwanja: Uchambuzi wa Kisa cha Kumchunguza Mkandarasi Kabla ya Mkataba, Kigoma

Usuli

Mwenye kiwanja katika kisa hiki ni mtumishi mstaafu ambaye nitamwita Mama, kwa kuwa ndivyo wote waliohusika walivyomwita, mimi nikiwamo. Majina ya watu, kampuni na mitaa yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimebadilishwa kidogo ili majengo yasitambulike kwa anayepita barabarani. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na niliingia katika suala hili kwa kupigiwa simu, siku mbili kabla ya siku iliyopangwa ya kusaini mkataba.

Kiwanja kipo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, upande wa mteremko, ndani ya eneo lililopimwa, na hatimiliki ipo kwa jina lake. Mama alikusudia kujenga nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vya kupangisha, kwa fedha za kiinua mgongo na akiba ya miaka mingi katika chama cha akiba na mikopo. Hakuwa na fungu la pili la kurekebishia makosa, na jambo hilo ndilo lililoongoza maamuzi yote yanayofuata.

Wakandarasi wawili walimpa makadirio. Wa kwanza, aliyependekezwa na jirani, alitaka shilingi milioni 94, huku asilimia 40 ikilipwa siku ya kusaini. Wa pili alitaka milioni 111, na malipo yake ya awali yalikuwa asilimia 15. Ilikuwa mwezi Mei. Kila anayejenga Kigoma anaijua hesabu ya miezi: msingi usiposimama wakati wa kiangazi, mvua za kuanzia Oktoba zitaukuta wazi, na kwenye mteremko maji hayasubiri mtu amalize. Mkandarasi wa kwanza aliitumia hesabu hiyo vizuri. Mama alipomuuliza kuhusu kibali cha ujenzi, "Mwanangu, na kibali je?", alimjibu, "Mama, hilo niachie mimi. Tuanze kuchimba, kibali kitatukuta saiti."

Jibu hilo ndilo lililomfanya Mama anipigie simu. Hakuwa na shaka na uaminifu wa kijana yule; alichoniambia ni kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hakupata kuona karatasi ya serikali inayomfuata mtu alipo.

Kwa nini historia ya vibali ilichunguzwa

Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, anayeendeleza kiwanja mjini anatakiwa kupata idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuanza, na mamlaka hiyo kwa hapa ni manispaa. Michoro hupitiwa na wataalamu wa mipangomiji, ardhi, afya na uhandisi, na kila mmoja hutazama jambo lake: umbali kutoka mpakani, shimo la maji taka lilipo, ukubwa wa nguzo na boriti, njia ya maji ya mvua. Katika mji uliokaa kati ya vilima na Ziwa Tanganyika, hayo si mapambo. Upande wa ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na waliolishuhudia ziwa likipanda miaka ya 2020 na 2021 hawahitaji kuelezwa sababu. Upande wa mlimani, udongo uliokatwa bila ukuta wa kuuzuia huteremka kwa jirani.

Kuna pia suala la jengo kupita kile kilichoidhinishwa. Jengo lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa limevuka idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Nyumba ya Mama ni ndogo mno kulinganishwa na lile, lakini tabia ya kuanza kwa idhini ya kitu kimoja na kumaliza na kitu kingine haichagui ukubwa wa jengo, na tabia hiyo ndiyo tuliyotaka kuijua kabla ya fedha kutoka.

Mfuatano wa matukio

Hatua ya kwanza ilikuwa usajili. Mkandarasi alikuwa amempa Mama nakala ya cheti cha kampuni kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na Mama aliamini kwamba huo ndio usajili wenyewe. Nyaraka hizo huthibitisha kwamba kampuni ipo na inatambulika kwa kodi. Haziithibitishi kuwa kampuni ya ujenzi. Anayeruhusu kampuni kufanya kazi za ukandarasi ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo huwapanga wakandarasi wa majengo katika madaraja saba kwa kuzingatia thamani ya kazi wanayoruhusiwa kushika. Nilipouliza, nilikuta kampuni imesajiliwa kwa kazi za majengo, jina linalingana herufi kwa herufi na lile la kwenye makadirio, daraja linatosha kwa kazi ya Mama, na ada za mwaka zimelipwa.

Nilimpigia Mama jioni ile nikamwambia, "Huyu yuko sawa." Ilikuwa kauli ya haraka.

Hatua ya pili ilikuwa kumwomba mkandarasi orodha ya majengo matano aliyoyajenga katika miaka minne iliyopita, kila moja likiwa na namba ya kiwanja, kitalu, simu ya mwenye nyumba na namba ya kibali. Orodha ya kwanza aliyoileta ilisomeka kama maelekezo ya mgeni aliyeshuka stesheni: ile ya bati jekundu karibu na msikiti, ile ya mwalimu, ile yenye duka chini. Haikuwa na namba ya kiwanja hata moja. Tuliirudisha, na baada ya siku sita ikaja nyingine, safari hii ikiwa na namba za viwanja vinne. Jengo la tano lilikuwa nje ya manispaa, katika halmashauri nyingine ya mkoa wa Kigoma.

Hatua ya tatu ilinirudisha shuleni. Nilikwenda ofisi ya manispaa nikiwa na jina la kampuni, nikidhani nitaelezwa ni vibali vingapi vimetoka kwa kazi zake. Ofisa aliyenipokea alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kaka, hapa hatumtafuti mkandarasi. Niletee namba ya kiwanja na barua ya mwenye kiwanja, nikutafutie jalada." Alikuwa sahihi kabisa. Kibali hutolewa kwa mwenye kiwanja, kwa ajili ya kiwanja, na jalada hukaa kwa namba ya kiwanja. Kwa hiyo hakuna mahali palipoandikwa historia ya vibali ya mkandarasi fulani ikingoja kusomwa. Historia hiyo huunganishwa kiwanja kwa kiwanja, na ufunguo wa kila jalada anao mtu mwingine, yaani mwenye nyumba, ambaye hana wajibu wowote wa kukufungulia.

Mama ndiye aliyepita kwa wenye nyumba, nami nikifuatana naye. Hapo umri na heshima yake vilifanya kazi ambayo barua yangu isingeweza kuifanya. Aliingia kwa salamu ndefu, akaeleza kwamba naye anataka kujenga, na swali lake lilikuwa moja tu kila mahali: "Kibali kilitoka kabla ya msingi au baada ya msingi?"

Jengo la kwanza halikuwa na tatizo. Mwenye nyumba alitoa michoro iliyogongwa muhuri, na tulipozunguka nyumba tulikuta vyumba, madirisha na shimo la maji taka vikiwa pale pale vilipochorwa.

Jengo la pili lilinichukua mchana mzima. Ni lile lenye duka chini na vyumba juu. Mwenye nyumba alileta bahasha ya nailoni iliyokuwa na kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za kodi ya ardhi na, katikati yake, kibali na michoro iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuchanika. Nilikunjua mchoro juu ya kaunta ya duka. Ulionyesha maduka mawili, stoo na choo, na mchoro wa mbele uliishia kwenye paa. Ghorofa haikuwamo. Nilinyanyua macho juu ya kaunta nikaona ngazi ya zege inapanda hadi ilipokuwa sufuria ya mpangaji. Nikapima nguzo iliyokuwa karibu nami: ilikuwa na unene ule ule wa kwenye mchoro, yaani nguzo iliyokokotolewa kubeba paa la bati ilikuwa imebeba sakafu ya zege, vyumba vinne na familia tatu. Mwenye nyumba hakuwa na cha kuficha. Alisema wazo la ghorofa lilikuja wakati kuta zimefika kwenye lenta, na mkandarasi akamwambia kibali cha nyongeza wataomba baadaye. Hakikuombwa.

Jengo la tatu lilikuwa na kibali, na ghorofa yake iliruhusiwa. Lakini kwenye ukuta wa mbele, chini ya rangi ya krimu, mtu akisimama pembeni jua likiwa upande, aliweza kuona alama ya X nyekundu ikiwa bado inachungulia. Mwenye nyumba alicheka alipoona tunaitazama. Walianza bila kibali, wakasimamishwa kuta zikiwa usawa wa madirisha, akatozwa faini, na kazi ikalala miezi mitano huku saruji iliyokwisha kununuliwa ikigeuka mawe stoo. Tulilinganisha karatasi mbili: kibali, na stakabadhi ya malipo ya awali kwa mkandarasi. Stakabadhi ilitangulia kibali kwa zaidi ya nusu mwaka.

Mwenye jengo la nne alikataa kuzungumza. Jengo la tano, lile la nje ya manispaa, lilithibitishwa kwa simu: mwenye nyumba alituma picha ya kibali na ya stakabadhi ya kwanza, na tarehe zilifuatana inavyotakiwa.

Kulikuwa na jengo la sita ambalo halikuwa kwenye orodha. Tulilipata kwa mtendaji wa mtaa, tuliyemwendea kwa jambo jingine, naye akataja kwa kupita tu kwamba kampuni hiyo ilijenga nyumba ya ghorofa mtaani kwake. Nilidhani tumepata aibu iliyofichwa. Tulikuta kibali kilichotangulia kazi, michoro iliyofuatwa, na ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji yaliyopangwa vizuri kuliko yote niliyoyaona katika uchunguzi huu. Halikuwa kwenye orodha kwa sababu mkandarasi na mwenye nyumba waligombana kuhusu malipo ya mwisho, na hawasalimiani hadi leo.

Maamuzi na sababu zake

Tulimwita mkandarasi tukamweleza tulichokiona, bila kuwataja waliotueleza kuliko ilivyolazimu. Hakukana. Maelezo yake nayaandika kwa ukamilifu kwa sababu yana ukweli ndani yake: "Mama, kibali ni cha mwenye nyumba. Mimi nikimwambia asubiri, kesho namkuta fundi mwingine kiwanjani. Yule wa ghorofa aliniambia nisipopandisha atatafuta atakayepandisha."

Kisheria, wajibu wa kuomba kibali ni wa mwenye kiwanja, na si haki kumbebesha mkandarasi kosa lote la mteja mwenye haraka. Hata hivyo swali letu halikuwa nani alipaswa kuomba. Lilikuwa: mtu huyu hufanya nini anapoambiwa aanze na kibali hakipo? Kwa majengo matano tuliyoyathibitisha, mara mbili aliendelea. Nguzo ya dukani ilinisumbua zaidi ya ile X ya ukutani, kwa kuwa kuanza mapema ni kosa la utaratibu linaloweza kurekebishwa kwa faini na subira, ilhali kupandisha ghorofa juu ya nguzo za nyumba ya chini kunafanywa na mtu anayejua nguzo ni nini.

Pamoja na hayo, hatukumkataa papo hapo. Tofauti ya milioni 17 si ndogo kwa mstaafu, na ukuta wa jengo la sita ulionyesha kwamba mteremko anaumudu. Tuliweka masharti matatu: malipo ya awali yatoke baada ya kibali kuwa mkononi mwa Mama, michoro iliyogongwa muhuri iwe sehemu ya mkataba bila badiliko lolote lisilo na idhini mpya, na zege la msingi lisimwagwe kabla mhandisi wa manispaa hajakagua nondo. Sharti la pili na la tatu aliyakubali bila ubishi. La kwanza alilikataa, akisema fedha hizo amekwisha kuzipangia nondo za kazi nyingine.

Alisema hivyo kwa unyofu kabisa, na Mama akamshukuru kwa kusema kweli. Kisha akaniambia tumpigie yule wa pili.

Matokeo

Mkandarasi wa pili alikuwa na majengo matatu tu ya kuonyesha, yote ya nyumba za chini au ya ghorofa moja kwenye viwanja vya tambarare, na yote yenye vibali vilivyotangulia kazi. Ndiye aliyegundua kwamba ramani ya Mama, iliyochorwa na kijana mmoja wa mjini, haikuwa na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa, na kwamba isingepokelewa. Ilichorwa upya.

Kibali kilichukua takriban wiki 11. Michoro ilirudishwa mara moja kwa sababu shimo la maji taka lilikuwa karibu mno na mpaka wa jirani wa chini. Msingi ulianza Septemba ukakaguliwa kabla ya zege. Mvua zikakuta ukuta wa kuzuia udongo haujakamilika, na sehemu ya mita kama sita ikalazimika kubomolewa na kujengwa tena kwa sababu matundu ya maji yalikuwa machache. Gharama ya mwisho ilifika milioni 118. Nyumba ilikamilika Julai iliyofuata, na ina ufa mwembamba kwenye lipu ya chumba kimoja cha juu ambao hadi sasa haujaongezeka.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko yote ni kulinganisha tarehe ya kibali na tarehe ya stakabadhi ya kwanza. Kumbukumbu za wenye nyumba zilikuwa na utu ndani yake. Karibu kila mmoja alikumbuka kwamba kibali "kilikuwa njiani". Karatasi mbili zikiwekwa sambamba juu ya meza hazina njiani. Mbinu hiyo haikuhitaji ruhusa ya ofisi yoyote, na ilifanya kazi hata kwa simu kwa jengo lililokuwa halmashauri nyingine, ambako majalada ya manispaa yetu yasingetusaidia chochote.

Swali la Mama nalo lilifaa. Mimi ningeuliza kama mkandarasi ni mzuri, nikajibiwa kwamba ni mzuri, kwa sababu mtu aliyekwisha kuhamia katika nyumba yake hapendi kusema aliijenga vibaya. Kuuliza kuhusu kabla na baada hakumdai mtu hukumu.

Kosa langu kubwa lilikuwa simu ile ya jioni. Usajili wa Bodi unasema kampuni inaruhusiwa kufanya kazi. Hausemi inaifanyaje pale mteja anapokuwa na haraka. Mama aliposikia "yuko sawa" alikuwa tayari kuandaa hundi, na kilichomzuia ni kwamba benki ilikuwa imekwisha kufungwa. Kama ningempigia saa nne asubuhi, huenda uchunguzi wote huu ungefanyika baada ya milioni 37.6 kuondoka.

Orodha iliyotengenezwa na mkandarasi mwenyewe ilikuwa udhaifu wa pili. Nilitarajia itaficha mabaya, nayo ikaficha jema, kwa kuwa mtu huorodhesha wanaomsifu, na anayekusifu si lazima awe ndiye uliyemjengea vizuri. Leo ningeanzia kwa watendaji wa mitaa, ambao hujua ni nyumba gani ilisimamishwa na lini, kisha ndipo niombe orodha. Kuhusu jengo la nne, tuliliandika kuwa halikuthibitishwa na hatukulihesabu upande wowote, ingawa nakiri kwamba ukimya wa yule mzee ulinikaa moyoni siku ya maamuzi.

Jambo la mwisho tulilolikosea ni la mkandarasi wa pili. Tulichunguza vibali vyake kwa makini, tukaridhika, na hatukumuuliza lini mara ya mwisho alijenga kwenye mteremko. Vibali vitatu vya viwanja vya tambarare vilitosha kutuonyesha kwamba ni mtu wa utaratibu, na havikutuambia lolote kuhusu maji yanayoshuka nyuma ya ukuta. Zile mita sita zilimgharimu Mama zaidi ya milioni mbili. Ukuta ulipokuwa ukijengwa tena, fundi mkuu wa saiti alikwenda, kwa ushauri wangu, kuhesabu matundu ya ukuta wa jengo la sita, na mwenye nyumba yule akamkaribisha kwa sharti kwamba asimwambie aliyeujenga.